Kumchagulia Mama Riziki bunduki ya bata

Nimeweka chini tupa na bisibisi, na mkono wangu wa kulia umeanza kusahau maumivu yake. Wenzangu mliobaki pale karakana mmeniomba niandike namna ya kumsaidia mteja achague bunduki ya marisau, ile inayotawanya vidonge vidogo, inayojipakia yenyewe, kwa ajili ya bata na ndege wa nchi kavu. Mnasema wateja siku hizi wanaingia dukani wakiwa wamekwisha kuchagua kwenye simu, na ninyi kazi yenu imebaki kufungua kabati. Nawaelewa. Nitaandika kwanza nilivyofundishwa mimi, kisha nitawasimulia habari za Mama Riziki, kwa sababu mteja mmoja ukimwelewa vizuri hukufundisha zaidi ya kabati zima la bunduki. Vyeo vya kazi sitavitaja. Duka letu lilikuwa na cheo kimoja tu, cha mwenye duka.

Nilifika Sydney nikiwa fundi mitambo wa kiwanda cha sukari kule Moshi. Mke wangu alikuwa amepata kazi ya uuguzi, mimi nikawa napika na kusoma matangazo ya kazi. Moja lilitaka mtu anayejua mashine ya kukereza chuma, katika mtaa wa viwanda vidogo Auburn, kati ya fundi wa breki na duka la mazulia. Sikujua kwamba ni duka la bunduki mpaka nilipofunguliwa mlango wa pili wa chuma. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiitalia, Enzo, ambaye siku zote alikuwa na jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, na siku zote alikuwa akiitafuta ile ya pajini.

Siku ya kwanza sikugusa mashine. Enzo alichukua bunduki, akaifungua, akanionyesha kwamba ni tupu, akaniagiza nihakikishe kwa kidole changu mwenyewe, kisha akanisimamisha mbele ya kioo kirefu kama cha duka la nguo.

"Funga macho," akasema. "Inua mpaka begani. Sasa fumbua. Unaona nini?"

"Naona mtutu umeelekea sikio langu."

"Basi bunduki hiyo inawinda sikio lako. Rudia."

Nilirudia mpaka saa ya chakula cha mchana. Mnaonijua mtasema kumbe ndiyo maana hata ninyi niliwasimamisha kwenye kioo kile. Ndiyo. Bunduki ya marisau haina kilengeo cha nyuma. Jicho la mpigaji ndilo kilengeo hicho. Kitako kikiwa kirefu mno kinanasa kwapani, kikiwa kifupi kidole gumba kinagonga pua. Kikiwa chini mno, jicho linazama nyuma ya bunduki na halioni mbele. Ndege anapita kwa muda mfupi sana, na hakuna anayepata nafasi ya kusogeza shavu. Kwa hiyo kabla ya kumwuliza mteja anapenda bunduki gani, mpeni iliyo tupu, afunge macho, ainue, afumbue. Nyingi za siku hizi zina vipande vyembamba vya kuweka kati ya kitako na mwili wa bunduki, vya kukiinua, kukishusha au kukipeleka pembeni. Vitumieni. Vimewekwa kwenye boksi kwa kazi hiyo, na wateja wengi huvitupa pamoja na boksi.

Kibali kinatangulia hata kioo. Katika jimbo letu bunduki hizi zinazojipakia si za kila mwenye leseni. Mara nyingi anayeruhusiwa ni mkulima anayeweza kuonyesha haja yake, na risasi zinazoingia ndani yake ni chache. Masharti hubadilika, kwa hiyo msisome karatasi nilizoziacha ukutani, someni sheria ya leo. Mtu asiye na kibali mhudumieni kwa heshima, mwonyesheni bunduki ya mitutu miwili, na mwelezeni kwamba bata hajui tofauti.

Sasa mitambo. Baada ya kila risasi bunduki hizi hutoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine bila mkono wako, na zinafanya hivyo kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya gesi: moshi kidogo wa baruti unachotwa kupitia vitundu ndani ya mtutu na kusukuma pistoni. Kwa kuwa kazi hiyo inachukua muda, teke linalofika begani linakuwa refu na laini, kama mtu anayekusukuma badala ya kukupiga ngumi. Hasara yake ni masizi. Asiyependa kusafisha asinunue ya gesi, na kama ameshainunua, atatuletea Jumatatu akisema imeharibika. Njia ya pili hutumia teke lenyewe: bunduki inaporudi nyuma, springi ndani yake inajikaza na kufanya kazi iliyobaki. Hii ni nyepesi, haichafuki sana, inavumilia tope na majani. Lakini wepesi wake unalipwa na bega.

Mteja atauliza kama bunduki moja inatosha kwa bata na kware. Inatosha, akikubali kupoteza kidogo kila upande. Anayewinda bata husimama mahali pamoja akingoja, kwa hiyo uzito si adui yake, na mtutu mrefu unamsaidia kufuata ndege kwa utulivu. Anayewinda kware hutembea kwenye mabua siku nzima, na kware huruka miguuni kwake ghafla. Huyo anahitaji kitu chepesi na cha haraka. Nilikuwa na mteja mmoja, mtu mzuri sana, aliyechukua bunduki ndefu na nzito ya bata akavuka nayo hadi jimbo la jirani msimu wa kware. Aliporudi alisema kware hakuwapata ila ameelewa kwa nini farasi walibuniwa. Kwa hiyo ulizeni: mwaka mzima, utasimama zaidi au utatembea zaidi? Jibu hilo ndilo linalochagua.

Kuhusu marisau, kwa bata tumieni ya chuma laini, kwa kuwa yale ya zamani ya madini ya risasi, yenye sumu, yamekatazwa kwenye maji. Chuma hakibanwi ovyo. Kile kibano kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ili marisau yasitawanyike mno kisiwe chembamba kupita kiasi, la sivyo mtutu unaumia. Kisha pigeni kwenye karatasi kubwa na hesabuni matundu yamesambaa vipi, maana bunduki mbili za aina moja hazitawanyi sawasawa, kama vile ndugu wawili wasivyokula sawasawa.

Haya yote niliyajua vizuri wakati Mama Riziki alipoingia dukani. Enzo alikuwa amekwisha kustaafu na kuhamia kwa binti yake, nami ndiye niliyekuwa nikishughulika na vipimo.

Alikuja na mumewe, Baba Riziki, katikati ya juma. Walikuwa wameendesha tangu alfajiri kutoka kwenye mashamba ya mpunga kusini-magharibi, na baadaye wangelala Bankstown kwa dada yake Mama Riziki. Waliposikia lafudhi yangu wakaacha Kiingereza chao wote wawili kwa pamoja.

"Wewe uko mtu wa wapi, papa?" akauliza mama.

"Moshi. Ninyi mtakuwa wa Kivu, Kongo."

"Uvira," akasema, akacheka. "Bon. Sasa tutaongea vizuri. Jina la papa?"

"Elia."

"Papa Elia, ndege wanatumaliza."

Walikodi sehemu ya shamba la mpunga. Baba Riziki alikuwa dereva wa lori la nafaka na jicho lake moja lilikuwa limefanyiwa operesheni, kwa hiyo msimamizi wa shamba alikuwa mama, na kibali kilikuwa kwa jina lake. Mbegu hutupwa kwenye maji, na bata mwitu hushuka kwa makundi, wanazila na kuikanyaga miche inayochipuka. Walikuwa wametumia taa, vitambaa, na ule mzinga wa gesi unaolipuka kutisha ndege. Bata walikwisha kuuzoea mzinga, wakawa wanalala pembeni yake. Msimu uliopita nusu ya majaruba yalibaki maji matupu. Mwenye ardhi alikuwa amewaambia bila ukali kwamba kama mbegu za safari hii zitaliwa tena, atampa mtu mwingine shamba. Basi wangerudi Sydney kupanga makatoni ghalani, kazi waliyoifanya miaka mingi na kuiacha kwa furaha.

"Tunataka hii," akasema Baba Riziki, akinionyesha simu. Ilikuwa bunduki nyepesi ya kutumia teke, na kibano cha mdomoni chenye matundu. "Huyu Mmarekani anaipiga na mkono moja."

"Huyo Mmarekani ana shingo kama ya ng'ombe," akasema mkewe.

Nilimsimamisha mama kwenye kioo. Alikuwa na mikono mifupi, nikakipunguza kitako, nikaweka vipande viwili. Akafunga macho, akainua, akafumbua, na jicho lilikuwa mahali pake. Mtu angeweza kuishia hapo na kufunga boksi. Lakini Enzo alinifundisha kwamba kioo hakitoi mlio, kwa hiyo Jumamosi tulikwenda kwenye uwanja wa kujaribia ambao duka lilikuwa na ruhusa ya kuutumia, magharibi ya mji. Nilibeba ile nyepesi waliyoitaka na nyingine nzito zaidi, ya gesi.

Akaanza na ile nyepesi. Sahani za udongo zinazorushwa hewani ziwe shabaha ziliruka na kutua salama kwenye nyasi, moja baada ya nyingine.

"Bata watakufa," akasema Baba Riziki. "Watakufa kwa kucheka."

"Wewe nyamaza, jicho moja."

Nikampa ile nzito. Sahani zikaendelea kutua salama. Hapo nikafanya jambo ambalo nawaomba mlifanye kwa kila mpigaji anayekosa bila sababu. Nilimwambia kwamba tangu sasa nitampakia mimi, na baadhi ya risasi zitakuwa za bandia, zisizo na baruti, wala hatajua ni ipi. Akakubali. Ya kwanza ilikuwa ya kweli. Ya pili ilikuwa ya bandia. Akavuta triga, ikasikika *tki*, na bunduki ambayo haikulia ikainama ghafla kuelekea chini kama mtu aliyekanyaga shimo. Bega lilikuwa limetangulia mbele. Macho yalikuwa yamefumbwa, yote mawili.

Baba Riziki aliacha kucheka. Mama akashusha mtutu, akahakikisha bunduki ni tupu kama alivyofundishwa, akaniangalia.

"Umeona, papa."

"Nimeona."

"Si bega. Bega haliumi. Ni mlio. Hata ule mzinga wa shamba, huyu akiuwasha mimi naingia nyumbani. Kwenye mtihani wa leseni nilipiga macho yamefungwa. Mungu akasaidia sahani."

Sikumwuliza zaidi. Mtu anayetoka anakotoka yeye hahitaji kueleza kwa nini mlio wa bunduki unamfunga macho, na kazi yangu haikuwa kumkumbusha.

"Basi tuache," akasema mumewe kwa upole. "Tutatafuta mtu wa kupiga."

"Mtu gani anakuja kila alfajiri kwa wiki zote za kupanda? Tuache, twende wapi? Kwa makatoni?"

Pale ndipo uchaguzi wa bunduki ulipobadilika. Nilikuwa nimepima mikono, shingo na shavu, sasa nikaanza kupima masikio. Ile nyepesi nikairudisha kwenye begi. Matundu ya mdomoni yanapunguza kidogo kuruka kwa mtutu, lakini yanamrudishia mpigaji mlio usoni, na wauzaji wengi hawasemi hilo. Nikabaki na ile ya gesi, yenye mtutu mrefu, kwa sababu mdomo wa mtutu ukiwa mbali, mlio nao uko mbali zaidi. Nikachagua risasi za chuma zenye baruti ya wastani, lakini kwanza nikahakikisha mtambo unazimeza zote bila kukwama, maana bunduki ya gesi ikipewa risasi dhaifu mno inagoma. Masikioni nikamwekea vizibo vya sponji, na juu yake vifuniko vikubwa. Kimoja hakitoshi kwa mtu wa aina hii. Viwili.

Kisha nikamwambia asipige hata moja.

"Nenda kakae garini na Baba Riziki, kule mwisho wa uwanja. Mnywe chai. Mimi nitakuwa napiga hapa. Ukitaka niache, inua mkono."

"Na hiyo itasaidia bata vipi?"

"Nywa chai, mama."

Alikuwa amekuja na maandazi kwenye bakuli. Nikapiga moja, nikageuka. Mkono haukuinuliwa. Nikapiga nyingine. Walipokuja tena mjini, gari likaegeshwa karibu zaidi. Safari iliyofuata aliweka kiti nje ya gari. Kanuni ni moja: asogee yeye, usimsogeze wewe, na mdomo wake uwe na kazi nyingine, ama kula ama kuzungumza. Ikifika siku ambayo mkono unainuliwa, rudini nyuma hatua moja na msione aibu. Kwetu ilitokea, siku ya upepo mbaya. Alirudi garini akiwa amekasirika, si kwangu wala kwa mumewe, na tukafunga mapema.

Mwisho akawa anakaa kwenye benchi nyuma yangu, akimsimulia mumewe ugomvi wa dada yake wa Bankstown na jirani kuhusu mti wa ndimu. Nikapiga katikati ya sentensi. Sentensi ikaendelea mpaka mwisho. Mumewe akamwangalia, mimi nikamwangalia.

"Nini?" akasema. Kisha akaelewa, akaweka andazi chini. "Papa Elia, hii njia ulijifunza kwa daktari?"

Sijui kusema uongo uwanjani. "Kwa mbwa."

"Kwa nani?"

"Mwenye duka wa zamani alikuwa na mbwa wa kuwindia. Mbwa mchanga humpigii bunduki karibu na sikio. Unamwekea nyama, mwenzako anapiga mbali, kila siku anasogea kidogo. Baadaye akisikia mlio anatikisa mkia."

Baba Riziki alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Mama alinitazama kwa muda mrefu kiasi cha kunifanya nifikirie kutafuta kazi nyingine.

"Kumbe maandazi yangu mwenyewe ndiyo nyama ya mbwa!" akasema mwishowe, naye akaangua kicheko. "Huyo mbwa alichukua muda gani?"

"Mfupi kuliko wewe. Lakini yeye hakuwa na habari za dada yake za kusimulia."

"Lete fusil."

Nikampa bunduki, nikampakia kama mwanzo, za kweli na za bandia zimechanganywa. Ilipofika ya bandia, ikasikika *tki*, na mtutu ukabaki palepale juu, ukiendelea kufuata sahani kana kwamba risasi imetoka. Nilimwona pembeni. Macho yalikuwa wazi. Sahani iliyofuata ilivunjika vipande viwili, ile iliyofuata ikawa vumbi.

Baba Riziki alijaribu kumshawishi mara ya mwisho, hata hivyo. "Lakini iko mzito, mama. Ile nyingine iko nyepesi ya kubeba."

"Nibebe nipeleke wapi?" akamjibu. "Bata wanakuja kwangu. Siwafuati. Nikianza kufuata kware nitakuja kununua nyepesi."

Kama mngeniuliza mimi, nisingeweza kulisema vizuri hivyo. Alichukua ile nzito, yenye mtutu mrefu na mdomo usio na matundu. Nilimfundisha kuifungua, kutoa pistoni, kufuta masizi kila jioni, na kuifungia kwenye sefu kabla hata ya kuvua buti. Waliondoka kuelekea kusini siku chache kabla ya eropleni ya kumwaga mbegu kutoka angani kufika shambani.

Wiki za kupanda zikapita bila simu, nami sikupiga. Nilijua kwamba ama wanafanya kazi ama wanafungasha mizigo, na katika hali zote mbili simu yangu ingewasumbua. Nilitengeneza bunduki za watu wengine. Niliwaza kama risasi zile zingeusukuma mtambo asubuhi za baridi, kama kitako nilikifupisha vya kutosha juu ya koti, mambo ambayo fundi huwaza wakati hana la kufanya.

Alipiga simu asubuhi moja akiwa amesimama kwenye tuta, maana nilisikia maji na upepo. Mpunga ulikuwa umesimama majaruba yote isipokuwa kona moja ya mbali. Alfajiri za kwanza alipiga sana, kisha kidogo, kisha bata wenyewe wakaanza kushuka kwingine. Mwenye ardhi alikuja, akatembea juu ya matuta, akapanda gari lake, akateremsha kioo, akamwambia wazungumzie misimu ijayo wakati wa mavuno.

"Asante Mungu," nikasema. "Na masikio?"

"Masikio iko mzuri. Papa Elia, nikuulize kitu. Wale bata weusi, wakigeuka kwenye jua, bawa lina kijani ndani. Kijani kama hariri. Ni wote, ama wa huku tu?"

"Wote. Walikuonyesha kwenye picha za mtihani wa kutambua bata."

"Picha niliona, nikajibu, nikasahau," akasema. "Miaka hii yote wanapita juu yangu, nilijua ni weusi tu."